Ndani Inang'aa, Ikitoka Nje Ukungu

Nina ugomvi na kisanduku kimoja. Ni kile kinachochomoza ukishamaliza kutengeneza bango lako, kila herufi imekaa pake, rangi zimeelewana, nawe sasa unataka kulitoa kwenye programu ya usanifu walimwengu walione. Hapo ndipo kinapokuja na maswali. Faili ya aina gani? Ubora asilimia ngapi? Pikseli, yaani vile vinukta vinavyounda picha, ngapi kwa inchi? Rangi za skrini au za wino? Unajibu, unabonyeza, unasubiri, unafungua. Jamani! Herufi zimeota manyoya. Nembo imevimba mashavu. Mgeni rasmi, ambaye ndani ya programu ulikuwa unamhesabia kope, sasa huwezi kuapa kama ni mwanamume au mwanamke.

Kinachoniuma ni kwamba programu inakudanganya mchana kweupe. Mle ndani herufi na maumbo bado hayajawa picha. Ni hesabu tu za mistari na mikunjo, na kila ukivuta karibu, programu inakuchorea upya pale pale. Vuta mara kumi, vuta mara mia, ukingo hautetereki. Unajiona fundi. Halafu ukitoa faili ya picha, JPEG au PNG, hesabu zinakufa, zinabaki pikseli, na pikseli zina idadi. Ulizopewa ndizo hizo, huna pa kukata rufaa.

Na wanavyopenda kukuanzishia kwenye pikseli 72 kwa inchi! Namba hii ilikuwa na kazi enzi za Macintosh ya 1984, ambayo skrini yake kweli ilikuwa na nukta 72 kwa inchi. Mashine yenyewe siku hizi utaikuta makumbusho, ila namba yake imekataa kustaafu. Hebu pigeni hesabu na mimi. Karatasi ya A4 kwa 72 ni pikseli 595 kwa 842. Kwa 300, ambayo ndiyo mchapaji anaililia, ni 2480 kwa 3508. Hiyo ni zaidi ya mara 17. Yaani kwa kila pikseli moja uliyopewa, kumi na sita umedhulumiwa, tena kimyakimya.

Hapo ndipo hutokea mjuaji. Kila kazi ina mjuaji wake. "Ndugu yangu, wewe ingia kwenye mipangilio uandike 300, mambo yatanyooka." Akaichukua ile ile faili ya 595 kwa 842, akafuta 72, akaandika 300, akahifadhi, akaniangalia kama anayesubiri kupigiwa makofi. Hakuna pikseli hata moja iliyoongezeka. Alichobadilisha ni lebo. Printa nayo haina ubishi, ikaisoma ile 300 na kuitii: bango la A4 likatoka na upana wa sentimita 5 na urefu wa 7. Limenyooka kweli, sikatai. Ila huwezi kulisoma bila kulishika mkononi.

Wateja nao wana yao. "Nembo ipo," anakwambia mtu, ukafurahi, kumbe ni skrinishoti ya simu iliyobandikwa ndani ya waraka wa Word. Upana wake pikseli 180, na pale juu kumebaki alama ya chaji, asilimia 11. "Iweke kwenye bango la mita tatu. Ikuze tu, si una kompyuta nzuri?" Kwa kipimo hicho kila pikseli itakuwa na upana wa zaidi ya sentimita moja na nusu, na ile chaji asilimia 11 ataisoma hadi aliye kwenye basi linalopita. Watu wanadhani kompyuta ina ghala mahali inakoficha maelezo ya ziada, kwamba ukiiomba vizuri itayatoa. Haina ghala lolote. Inaangalia pikseli zilizo jirani, inakisia nini kingeweza kuwa katikati yao, inapaka. Ukungu mnaouona ni makisio yake. Nilimwomba mteja mmoja faili asilia, SVG ikibidi, ile inayobaki na hesabu za mistari, au hata PDF. Akanijibu kwa upole kabisa: "Hiyo ndiyo asilia, nimeipiga mwenyewe."

Na hao ndio wa kwanza kukwambia "ifanye iwe HD".

Sasa JPEG. Sina chuki nayo, ina umri wa kuheshimiwa, kiwango chake ni cha 1992. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera: mawingu, ngozi, majani. Inaikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha katika kila kipande inatupa vitu ambavyo jicho halitagundua kuwa vimeondoka. Kwenye wingu huoni kilichopotea. Kwenye herufi nyeusi juu ya weupe, unaona vumbi la kijivu limezizunguka herufi pande zote. Na anayepigwa zaidi ni mwekundu. JPEG kwa kawaida huhesabu mwanga wa kila pikseli, ila rangi hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa kimo, kwa hiyo maandishi madogo mekundu huvuja kila upande. PNG iliyopitishwa 1996 haitupi pikseli hata moja, na maandishi hutoka yamekatika safi. Nimesema hadi sauti imekauka. Jibu ni lile lile: "Hiyo PNG nzito." Nzito! Mtu ana video za paka simu nzima, anaona uchungu kubeba PNG moja.

Habari ya rangi za wino nisiianze, maana ile kijani inayowaka kwenye skrini wino wa kawaida hauifikii, na kila mara anayeulizwa imekwenda wapi ni mimi.

Wa juzi ndiye aliyenimaliza. Mama mmoja anafundisha ushonaji, akataka kipeperushi. Picha yake kubwa juu, namba ya simu ndogo kabisa chini, nyekundu, "isije ikashindana na picha". Nikampa PDF, ambamo herufi hubaki herufi, nikamwambia, mama, hii mpelekee mchapaji hivi hivi ilivyo. Akaona kuituma faili yenyewe ni usumbufu. Akaipiga skrinishoti ikiwa bado imejaa skrini nzima, akamtumia binamu yake kwenye programu ya kutumiana ujumbe, ambayo huibana picha kabla ya kuisafirisha. Binamu akaipunguza kidogo ili ipendeze, akamtumia mchapaji kwa njia hiyo hiyo, ikabanwa tena. Mchapaji akachapa alicholetewa.

Simu ikanililia asubuhi. "Umenibadilishia namba yangu!" Nikafungua faili yangu, nikavuta karibu: 8 zote mbili zimesimama, zina matundu yake ya juu na ya chini. Nikaangalia kipeperushi kilichochapwa. Matundu ya juu yamezibwa na wekundu upande mmoja, upande wa pili yamepasuka, na mtu yeyote mwenye macho yake atasoma 6. Nikamweleza habari za skrinishoti, binamu na kubanwa, akaona namzungusha. Basi ili anikomeshe, akaipiga mwenyewe ile namba yenye 6, huku mimi nikisikiliza.

Ikapokelewa na mzee mmoja mpole, inaonekana simu hizo ameshazizoea. Akamwambia darasa la Jumatatu limejaa, aje Jumatano, na asisahau mkasi wake.