Mashine ya Kuchomelea Ingoje Kwanza

Watu wengi wakishaamua kujiundia hotirodi (gari la zamani lililobadilishwa ili liende kasi) nyumbani, kitu cha kwanza kununua ni mashine ya kuchomelea. Nawaelewa, cheche zina raha yake. Ila kwa maoni yangu mashine hiyo ndiyo inayoharibu fremu nyingi, yaani mifupa ya chuma inayobeba gari zima, kwa sababu ikishaingia gereji mkono hauwezi kutulia. Chuma kinaungwa mapema, halafu baadaye sana ndipo inagundulika kwamba boksi la usukani linagombea nafasi na bomba la ekzosi.

Vijana wa California waliokimbiza magari yao kwenye sakafu tambarare za maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage, kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa kawaida hawakuhangaika kuunda fremu mpya. Walichukua gari la Ford, wakang'oa madigadi, wakaiongezea injini nguvu. Fremu ya Ford ya mwaka 1932 inatukuzwa hadi leo, na urefu wake wa inchi 106 kutoka ekseli hadi ekseli bado ndipo wengi wanapoanzia. Tatizo ni kwamba boriti zake, zile nondo mbili ndefu za pembeni, ni za umbo la mfereji, upande mmoja uko wazi, na zilibuniwa kubeba V8 (injini ya silinda nane) ya nguvu farasi 65. Ukiweka injini ya kisasa bila kuziba upande ule kwa bamba la chuma, zinajipinda. Ndiyo maana anayeunda fremu mpya hupendelea bomba la mstatili, inchi 2 kwa 4. Kuhusu unene wa ukuta wa bomba hilo watu hubishana usiku kucha. Mimi milimita 4 zinanitosha, tuendelee.

Kinachostahili ubishi ni pa kuanzia. Anza na matairi, kwa sababu ndiyo yanayoamua ekseli zitakaa juu kiasi gani kutoka chini. Simamisha bodi kwenye magogo kwa kimo unachokitaka. Weka injini na giaboksi mahali pake, hata kama ni bloku tupu. Kisha muweke dereva mwenyewe kwenye kiti, akanyage pedeli za mbao, ashike usukani, ajaribu kushuka. Fremu inakuja mwisho: inapita kwenye nafasi iliyobaki. Anayechora boriti mbili nzuri kwanza ndiye atakayekuja kuzikata ili ekseli ya nyuma ipate pa kupanda gari likipita kwenye tuta.

Na injini usiilaze sambamba na sakafu. Huinamishwa nyuma kidogo, digrii 3 hivi, na pua ya difu (gia za ekseli ya nyuma) nayo huinuliwa kwa pembe hiyo hiyo, ili mtetemo wa kiungo cha mbele cha propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, ufutwe na ule wa kiungo cha nyuma. Pembe hizi hupimwa gari likiwa limekaa kwenye kimo chake cha barabarani, lenye uzito wake. Ukizipima fremu ikiwa tupu juu ya meza, unajidanganya.

Sasa vipimo. Piga mstari wa katikati sakafuni, na kila kitu kipimwe kutoka hapo kwa timazi. Ukipima kutoka boriti moja kwenda nyingine, kosa la kwanza linazaa la pili. Halafu kuna mtego wa ulalo: watu wanapima kona kwa kona, vipimo viwili vinalingana, wanashangilia. Ulalo unaolingana unakwambia fremu haijaenda mshazari, basi. Inaweza kuwa imejisokota, kona moja imeinuka, na futi isikuambie kitu. Weka pima maji kukingama boriti mbele, kisha katikati, kisha nyuma. Kiputo kikihama kati ya sehemu na sehemu, chuma kimejisokota.

Hapo ndipo mashine iwashwe, na hata hapo ni kwa kushikiza tu, nukta hapa nukta pale, kazi yote ikiwa imefungwa kwenye jigi, yaani kifaa kinachoishikilia isisogee. Mita moja ya chuma ikipata joto la digrii 100 zaidi hurefuka zaidi ya milimita moja, na weldi ikipoa husinyaa na kuvuta upande wake. Kwa hiyo choma kipande kifupi mbele kushoto, hamia nyuma kulia, pumzika, pima tena. Anayemaliza upande mzima kwa mkupuo anapata fremu yenye umbo la ndizi, na hakuna jeki itakayoirudisha vizuri.

Kuna wanaoona aibu kumwita mtu mwingine achomelee. Mimi sioni aibu yoyote. Kama weldi zako hazijawahi kukatwa katikati ukaona zimezama kiasi gani, shikiza fremu yote, ihakiki kwa timazi na pima maji, kisha mpe fundi mwenye cheti amalizie viungo vinavyobeba ekseli na boksi la usukani. Mabano ya betri unaweza kuyachoma mwenyewe.