Sindano au utepe: kupima tiba za mkojo unaovuja kwa wanawake

Mwanamke ambaye mkojo humtoka anapokohoa, anapocheka au anaponyanyua kitu kizito hushauriwa kwanza afanye mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga kwa muda usiopungua miezi 3. Mazoezi yasipomfaa, mara nyingi hujikuta akichagua kati ya upasuaji na sindano ya kujaza kuta za mrija wa mkojo.

Kwa miaka mingi upasuaji uliotawala ulikuwa wa kupitisha utepe wa plastiki chini ya mrija huo, mbinu iliyoenea tangu miaka ya 1990. Malalamiko ya wanawake walioumizwa na nyavu za plastiki, ambazo utepe huo ni aina yake mojawapo, baadhi yao wakiishi na maumivu yasiyokwisha, yaliifanya Uingereza isitishe matumizi hayo mwaka 2018, na hapo sindano ikaanza kutazamwa kwa macho mapya. Daktari huingiza kamera nyembamba, kisha huchoma katika sehemu 3 au 4 karibu na shingo ya kibofu dutu laini kama haidrojeli ya poliakrilamidi, ambayo asilimia 97.5 yake ni maji, hadi kuta zivimbe na kukutana. Ganzi ya mahali hutosha, na mgonjwa kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Wepesi huo ni hoja nzito kwa mwanamke mzee au mwenye maradhi yanayofanya usingizi wa upasuaji kuwa hatari. Lakini nguvu ya tiba yenyewe ni suala jingine. Katika utafiti wa Ufini uliowagawanya wanawake 224 kwa bahati nasibu, baada ya mwaka 1 walioridhika walikuwa asilimia 95 miongoni mwa waliowekewa utepe, na karibu asilimia 60 tu miongoni mwa waliochomwa sindano. Hata hivyo, matatizo mengi yalitokana na utepe, na sindano haimfungii mtu njia ya kupasuliwa baadaye. Kwa maoni yangu, mgonjwa aliyeelezwa pande zote mbili na bado akachagua sindano amechagua vyema. Anayedhulumiwa ni yule anayeambiwa kuwa tiba hizi zinalingana, asijue kwamba huenda akahitaji kuchomwa tena.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni muda. Chembe za Teflon, aina ya plastiki, zilizotumika zamani katika sindano hizi zilibainika kuhamia hadi kwenye mapafu, na kolajeni (aina ya protini) ya ng'ombe iliyofuata ilifyonzwa na mwili. Dutu za sasa ni bora, ila hata utepe ulisifiwa kabla ya madhara yake kujulikana. Ripoti ya Cumberlege ya mwaka 2020 nchini Uingereza, iliyochunguza usalama wa dawa na vifaa vya tiba zikiwemo nyavu hizo, ilipendekeza kanzidata ya kuwafuatilia waliowekewa vifaa mwilini, na sioni sababu ya kuwaacha nje waliochomwa dutu hizi, eti kwa kuwa kazi yenyewe huchukua dakika chache.