Aulize sasa au aishi kwanza? Kijana na swali la maana ya maisha

Nilikuwa na miaka 19 nilipompelekea baba mdogo swali lililokuwa limeninyima usingizi kwa wiki kadhaa: ikiwa sote tutakufa na kusahauliwa, tunahangaika kwa ajili ya nini? Hakunicheka wala hakunikemea. "Mwanangu, ishi kwanza," aliniambia kwa upole. "Hayo utayaelewa ukikua." Leo nina miaka 23 na jibu lile bado sijamalizana nalo. Ipo siku naliona lina hekima, ipo siku naliona lilikuwa namna ya kunifungia mlango. Nataka kulipima kwa haki, kwa maana halikuanza na baba mdogo, na baadhi ya waliolisema kabla yake ni watu wa kusikilizwa.

Mzito kuliko wote ni Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Mwanzoni mwa mafundisho yake ya maadili anasema kijana hafai kuwa mwanafunzi wa somo hili, kwa sababu hoja zake hutokana na matendo ya maisha, na kijana hana mengi aliyoyatenda. Isitoshe, kijana huongozwa na matamanio, kwa hiyo hata akiielewa hoja haitamfaa kitu. Baadaye anaongeza jambo ambalo kila nikilirudia nashindwa kulipinga: vijana huweza kuwa mabingwa wa jiometri na hisabati, lakini kijana mwenye busara haonekani. Hisabati hufahamika kwa akili peke yake. Busara hutaka mtu ayajue mambo moja moja, na hayo huja na miaka. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Hoja hiyo inanipata. Nimelifungua tena daftari langu la wakati ule. Zimo kurasa sita juu ya upendo, na aliyeziandika alikuwa hajawahi kumuuguza mtu hata usiku mmoja. Zimo kurasa juu ya kifo, za mtu ambaye alikuwa hajamzika yeyote wa karibu yake. Hazina kosa la mantiki. Tatizo ni kwamba maneno "upendo" na "kifo" mle ndani yanazunguka kama alama za hesabu. Hakuna mtu aliyebebwa na maneno hayo. Nadhani hicho ndicho Aristotle alichokihofia.

Lakini mambo mawili yanaipunguza nguvu hoja yake, na yote mawili yanatoka kwake mwenyewe. Yeye aliingia katika chuo cha mwanafalsafa Plato kule Athens akiwa na miaka 17 hivi, akakaa humo takriban miaka 20. Maswali haya yalimfika mapema, naye hakuyafukuza. Tena, mara tu baada ya kumkataa kijana, anasema haidhuru kama mtu ni mchanga wa umri au mchanga wa tabia, kwa kuwa kasoro yenyewe si ya miaka bali ni ya kuishi kwa kuburutwa na matamanio. Kumbe hata mwenye miaka 50 anaweza kukosa sifa.

Wapo pia wanaosema kinyume chake na bado wanafika palepale. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Gorgias, mtu aitwaye Callicles anamwambia mwanafalsafa Socrates kwamba falsafa humpendeza kijana. Asiyeigusa kabisa ujanani anamwona mtu duni. Ila mtu mzima anayeendelea nayo, akijificha pembeni na kunong'ona na vijana watatu wanne, huyo anastahili kuchapwa, kama mtu mzima anayeongea kitoto. Sauti hii ndiyo ninayoisikia zaidi siku hizi: mwacheni awaze, akipata majukumu ataacha.

Sasa waweke wawili hawa pamoja. Mmoja anakuambia hujafika, mwingine anakuambia umepitiliza. Ukiwatii wote wawili, hakuna siku hata moja ya maisha ambayo swali hili linaruhusiwa. Epicurus, naye mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anaianza barua yake kwa Menoeceus papo hapo: kijana asichelewe kuingia katika falsafa na mzee asiichoke, kwa sababu anayesema wakati wa falsafa haujafika au umepita ni sawa na anayesema wakati wa kuwa na furaha haujafika au umepita. Hapo mimi nasimama na Epicurus. Na si suala la kuchagua kila mara. Imam Ghazali, akisimulia safari yake ya kuutafuta ukweli, anasema kiu hiyo ilikuwa maumbile aliyowekewa na Mungu tangu ujana wake, haikuwa hiari yake. Wapo watu ambao swali hili huwafuata. Kuwaambia wasubiri ukubwa ni sawa na kumwambia mwenye njaa asubiri mpaka awe fundi wa kupika.

Hata hivyo, upande wa "ishi kwanza" una shahidi mmoja anayenitisha kuliko Aristotle. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, alisomeshwa nyumbani na baba yake, akaanza Kigiriki akiwa na miaka 3 na Kilatini akiwa na 8. Alikua akiwa na lengo moja, kuirekebisha jamii. Mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza: mageuzi yote ninayoyatamani yakitimia sasa hivi, je, nitafurahi? Nafsi yake ikamjibu waziwazi kwamba hapana. Anasimulia kwamba msingi wote aliokuwa ameyajengea maisha yake ulianguka. Aliendelea na kazi zake kwa mazoea tu, bila ladha yoyote. Sababu anayoitaja ndiyo inayonihusu mimi na kila kijana anayependa kuchimba mambo: mazoea ya kuchambua, yakiachwa peke yake bila kingine cha kuyasindikiza, huzila hisia. Alifundishwa kufumua kila kitu aone kilivyoshonwa, akafumua na vilivyokuwa vikimfunika.

Kilichoanza kumtoa humo hakikuwa hoja. Alikuwa akisoma kumbukumbu za Marmontel, mwandishi wa Ufaransa, akafika pale ambapo Marmontel, angali mvulana, anafiwa na baba yake, kisha anahisi ghafla kwamba yeye ndiye atakayekuwa kila kitu kwa jamaa zake. Mill akalia. Tangu hapo mzigo ukaanza kupungua, maana alijua moyo wake haujafa. Akahitimisha kwamba wenye furaha ni wale walioelekeza nia kwenye jambo jingine lisilo furaha yao wenyewe.

Nimekaa na kisa hiki kwa muda mrefu. Ukikitazama haraka kinampa ushindi baba mdogo: Mill aliuliza, akaumia, akaponywa na machozi. Mimi nakisoma tofauti. Swali halikumharibu Mill. Lilimfunulia kilichokuwa kimekwisha kuharibika ndani yake. Bila swali lile angeendelea kulitumikia lengo ambalo halikumgusa, pengine mpaka uzeeni, na kuligundua hilo ukiwa na miaka 70 ni msiba mkubwa zaidi. Ninachokubali ni hiki: kijana akiuliza akiwa hana mtu wala kazi anayoipenda ya kurudia jioni, swali linaweza kumla. Wanaowaonya vijana wangesema hivyo, ningewaelewa kabisa. Wanaposema "subiri", nawapoteza.

Nawapoteza kwa sababu maisha yenyewe hayasubiri. Maamuzi mazito huangukia umri huuhuu tunaoambiwa hautoshi kuyafikiri: kusomea nini, kuishi na nani, kubaki au kuondoka, kuamini nini baada ya imani ya kurithi kuanza kutikisika. Katika mhadhara wake wa mwaka 1945 mjini Paris, mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre alisimulia juu ya mwanafunzi aliyemwendea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kaka yake aliuawa katika mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1940. Mama yake, aliyekwisha kutengana na mumewe, alibaki na faraja moja tu, yeye. Je, avuke kwenda Uingereza kujiunga na jeshi la Ufaransa Huru lililopigana na Wajerumani, au abaki na mama? Sartre alimjibu kwamba yuko huru, basi achague. Jibu hilo limelaumiwa kuwa la kikatili, nami nadhani alimnyima kijana yule kitu alichostahili, yaani mtu wa kulipima naye jambo lake. Lakini ona umri wa aliyekuja kuuliza. Uzoefu ambao Aristotle anaudai ungempata baada ya uamuzi; kabla yake usingeweza kufika.

Na je, falsafa imenipa nini mimi? Nitaje kimoja. Swali langu la miaka 19 liliegemea kwenye kusahauliwa. Mwaka 1971 mwanafalsafa wa Marekani Thomas Nagel aliandika makala yenye hoja fupi: ikiwa tunayoyafanya leo hayatakuwa na maana baada ya miaka milioni moja, basi kwa mantiki hiyohiyo lolote litakalokuwapo baada ya miaka milioni moja halina maana leo, hata huko kusahauliwa kwenyewe. Nilipoisoma nililiona nusu ya swali langu likianguka. Nusu iliyobaki haikuhusu miaka milioni. Ilihusu woga wa kuchagua vibaya, na watu ambao ningewaumiza kwa uchaguzi wangu. Hiyo nusu ya pili hoja ya Nagel haiigusi. Nadhani hata hoja nyingine yoyote peke yake haiwezi.

Miezi michache iliyopita nilimrudia baba mdogo. Nilimuuliza kwa heshima: yale uliyoniambia nitayaelewa nikikua, wewe uliyaelewa? Alinyamaza kitambo. "Niliacha kuyauliza," akasema. "Mlikuwa mmeshazaliwa, wewe na wenzako. Palikuwa na wa kuwaangalia." Kisha akanisogezea kiti, akaniomba nimweleze swali lile tena, tangu mwanzo.