Tufundisheni kukagua mboga, msituuzie tu zilizokaguliwa

Nimechoka kusikia watu hapa Brooklyn, New York, wakisema eti mtu anayeshika kosheri, yaani sheria za chakula za Kiyahudi, na hana pesa nyingi hawezi kula mboga za majani. Naisikia kwa wamama tukiwa kwa foleni ya duka, naisikia kwa vijana waliorudi kwa dini majuzi, na kuna dada mmoja Mkenya mwenzangu, ameolewa huku kama mimi, yeye sukuma aliacha kabisa, sasa kwake ni matango na nyanya na viazi mwaka mzima na watoto wameshazoea hivyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Na naandika kwa Kiswahili makusudi kwa sababu tuko wengi kuliko watu wanavyodhani, kuna walioingia kwa ndoa, kuna wanaofanya kazi kwenye hizi jikoni za watu wa kosheri na wanaambiwa "osha vizuri" bila kuelezwa vizuri ni vipi, halafu kuna ndugu zetu Abayudaya, Wayahudi wa kule Mbale, Uganda, ambao wako kwa hii njia tangu Semei Kakungulu aianze 1919.

Kwa asiyejua, hakuna mboga iliyokatazwa kwa kuwa ni mboga. Kilichokatazwa ni mdudu aliye ndani yake. Walawi 11 imekataza vitu vitambaavyo, na Talmudi, vitabu vya mafundisho ya marabi wa kale, walimu wa sheria ya Kiyahudi, ikaongeza uzito, inahesabu kwamba mtu akila mdudu mmoja mzima anaweza kuwa amevunja makatazo kadhaa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kwa hesabu hiyo kidukari kidogo cha kijani ni kosa zito kuliko kipande cha nguruwe. Ndiyo maana watu wanaogopa brokoli, koliflawa, letusi, spinachi, dania, stroberi, kila kitu chenye mikunjo na mashimo ya kujificha.

Lakini sheria hiyohiyo ina upande wa pili ambao watu hawausemi sana. Mdudu anayehesabiwa ni yule anayeonekana kwa macho. Rabi Yechiel Michel Epstein, aliyefariki 1908, aliandika wazi kwamba Torati haikukataza kile ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona. Hakuna anayekudai uwe na darubini kwa jikoni. Unadaiwa macho yako, mwanga wa kutosha na dakika chache, basi.

Sasa hapo ndipo biashara iliingia. Kuanzia kule Gush Katif, makazi ya Waisraeli huko Gaza, wakulima wa Israel walipanda letusi na kabeji na dania ndani ya vibanda vya neti kwenye udongo wa mchanga ili wadudu wasifike, mpaka makazi hayo yakaondolewa 2005, na njia hiyo ikasambaa. Leo Brooklyn unaingia duka unakuta mabegi ya letusi yameoshwa, yamekaguliwa, yana muhuri wa kosheri. Mimi siyadharau. Kuna mtu anayelipwa mshahara kusimama pale kiwandani kuangalia, kuna maji, kuna majani yanayotupwa, hizo zote ni gharama za kweli. Kama unapikia harusi ya watu mia tatu au ni mgonjwa macho hayaoni vizuri, nunua begi na ushukuru. Shida yangu ni pale begi linapokuwa ndiyo njia peke yake ambayo mtu amefundishwa, kwa sababu bei yake inapita kwa mbali kichwa cha letusi cha kawaida, na mama mwenye watoto saba hanunui begi moja, ananunua kadhaa kwa wiki, au hanunui kabisa, na wengi ninaowaona wameamua kutonunua kabisa.

Na hofu nayo inakua. Mwaka 2004 hapa New York mabishano yalifika hadi kwa maji ya bomba, maana watu waligundua kuna viumbe vidogo sana vya majini vinavyoogelea humo, marabi wengine wakasema lazima uweke filta na wengine wakasema maji ni halali kama zamani. Sisemi nani alikuwa sahihi, muulize rabi wako. Nasema tu mtu maskini akisikia mambo kama hayo kila siku anaona heri akae mbali na kila jani.

Mimi nilifundishwa na mama mkwe, na nilipoona anachofanya nikatambua ni kazi ambayo bibi zetu walikuwa wanafanya na ungo kila jioni, kuchagua mchele, kuchagua maharagwe, macho yanatembea vidole vinafuata. Unajaza beseni maji baridi, unatia matone ya sabuni ya vyombo, unatenganisha majani moja moja na kuyaloweka kama dakika tatu hadi tano ukiyavurugavuruga, sabuni inamfanya mdudu aachie jani. Unasuuza kila jani pande zote mbili chini ya bomba la nguvu. Halafu unaangalia jani dhidi ya taa, na kama jani lina kile kijinjia cheupe cha kupindapinda, kata kipande hicho utupe maana kuna kiwavi amechimba humo ndani. Njia nyingine, ambayo mimi ndiyo naipenda kwa majani madogo kama dania, ni kuosha tena kwenye maji safi halafu kuyamimina yale maji kupitia kitambaa cheupe laini, ukiweka kitambaa juu ya taa mdudu yeyote anajionyesha. Ukimkuta, rudia kuosha. Wengi wanafundisha kwamba kama mara ya tatu bado unakuta, achana na fungu hilo. Kitambaa, beseni, taa. Bei ya vitu hivyo vyote unailipa mara moja tu.

Halafu chagua jani lako kwa akili! Sukuma ya majani mapana, ile ambayo Waafrika wa Marekani wameipika vizazi na vizazi, ni laini na bapa, unaiosha na kuiona yote. Ile sukuma ya kujikunjakunja ambayo sasa imekuwa fasheni na bei juu, hiyo ni mateso, mdudu ana nyumba elfu za kujificha, mimi siigusi. Spinachi bapa ni bora kuliko ya mikunjo. Mchicha nao unakubali kukaguliwa, na hapa Brooklyn mchicha upo, Wajamaika wanaula sana, wanauita kalalu.

Hili la Wajamaika nataka nilikalie kidogo kwa sababu ndilo linaloniuma. Crown Heights ni mtaa mmoja, Wahasidi wa Lubavitch, Wayahudi wanaoshika dini sana, na watu wa Karibi wanaishi ukuta kwa ukuta, Wahasidi maduka yao yako Kingston Avenue, na ukitembea kidogo tu mpaka Nostrand au Utica unakuta maduka ya Karibi yamejaa mchicha, sukuma, viazi vikuu, mihogo, ndizi za kupika, boga la kukatiwa kipande, na bei mara nyingi ni ya chini. Mboga mbichi nzima haihitaji muhuri wa kosheri. Muhogo ni muhogo. Lakini kuna watu wamezaliwa hapo na hawajawahi kuingia duka hizo kununua hata kitunguu, kwa sababu wamezoea kwamba chakula cha kosheri kinanunuliwa kwa duka la kosheri. Nyama ndiyo, jibini ndiyo, mvinyo ndiyo. Boga kwani lina nini?

Na ukiwa umechoka au umefika nyumbani usiku na hakuna nguvu ya kukagua, sheria yenyewe imekuachia mlango mkubwa wazi. Karoti, viazi, viazi vitamu, viazisukari vyekundu (bitiruti), boga, biringanya, pilipili hoho, tango, nyanya, hivyo unaosha tu na kupika. Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliishi hivyo hivyo, kabeji, viazisukari, karoti, vitunguu, na hawakuwa matajiri. Hata usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, ambapo mboga chungu ni amri na letusi imetajwa kwanza kabisa katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zetu, Rabi Moshe Sofer wa Pressburg, aliyefariki 1839, alisema asiye na watu waangalifu wa kuikagua letusi sawasawa bora atumie ule mzizi mkali unaosagwa na kutoa watu machozi. Yaani rabi mkubwa vile, aliangalia hali za watu akawapa mzizi badala ya jani. Hakuwaambia watafute pesa zaidi.

Kitu kingine kinachookoa pesa na hakisemwi: kosheri hairuhusu nyama na maziwa pamoja, lakini mboga ni pareve, yaani si ya nyama wala ya maziwa, na ukiilinda ibaki hivyo inakuhudumia wiki nzima. Nina kisu kimoja na ubao mmoja na sufuria moja ambavyo havijawahi kuguswa na nyama wala maziwa. Kitunguu hasa, kwa vile ni kikali, kikikatwa kwa kisu cha nyama kinachukuliwa kama cha nyama, basi hapo huwezi tena kukitia kwa chakula chenye siagi. Lakini kama umekaanga kabeji yako na karoti ndani ya sufuria ya pareve, Jumapili inaliwa na kuku, Jumatatu inaliwa na mayai, Jumanne unaweka jibini juu, hakuna kinachotupwa. Na githeri, jamani, githeri! Mahindi na maharagwe na karoti na kitunguu, pareve kabisa, bei rahisi, na baada yake unakunywa chai yako ya maziwa papo hapo, wakati ukila nyama wengi wetu tunasubiri muda wa masaa sita kabla ya kugusa maziwa. Maharagwe makavu nayo yachague kwanza, loweka usiku kucha, asubuhi toa yenye tundu au doa jeusi. Nyama ya kosheri ni ghali, kila mtu anajua, kwa hiyo siku ambayo hakuna nyama mezani kwangu si siku ya huzuni.

Kwa wale ambao hata hizo pesa kidogo hazipo, New York masoko mengi ya wakulima yanapokea EBT, ile kadi ya msaada wa chakula wa serikali, na ukiitumia pale unapewa kuponi za Health Bucks za kununulia matunda na mboga. Masbia, waliofungua mtaa wa Borough Park hapa Brooklyn 2005, wanapika chakula cha moto cha kosheri na wanagawa vyakula vya kubeba nyumbani, hakuna aibu kwenda.

Ninachoomba kwa marabi wetu na kwa kamati za wamama ni hiki. Taasisi kubwa zinazotoa muhuri wa kosheri kama OU na Star-K zimeweka miongozo ya kukagua mboga kwenye intaneti, bure, na picha za wadudu, nazishukuru. Lakini kukagua ni kazi ya mikono na macho, ni vigumu kuijua kwa kusoma, na kizazi kilicholelewa na mabegi hakikuona mama akifanya. Wekeni jioni moja kwa mwezi kwenye sinagogi, beseni nne, taa, vitambaa vyeupe, sukuma fungu moja kwa kila mtu, na mtu mzima mwenye ujuzi asimame pale. Waiteni wanaume pia, kwa sababu kama hii ni sheria ya kila mtu basi kuinama kwenye sinki kwa muda wa saa moja Alhamisi usiku si kazi ya mke peke yake. Waiteni na wafanyakazi wa ndani, walipwe hiyo saa, na waelezwe sababu, si amri tu, maana wengi wao wamekua na ungo mikononi na wataona kwa haraka kuliko sisi. Na mfanye kabla ya Pasaka, wiki mbili kabla, wakati letusi bado haijapanda bei.