Tahadhari ya "Mvua Kubwa" Haitoshi

Masika yanapokaribia, Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao yake Dagoretti Corner, hutoa utabiri, nasi wakazi wa Nairobi huupokea kwa swali moja tu: itanyesha au haitanyesha? Naliona swali hilo kuwa finyu mno, kwa maana mauti katika jiji hili hayafuati sana mahali mvua inaponyesha bali mahali maji yanapoelekea.

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, na mito inayopita mitaa ya Mathare na Mukuru nayo hushuka kutoka sehemu za juu. Mkazi wa Mukuru anaweza kulala bila tone kugusa bati lake, ilhali tufani iliyopiga huko juu tayari imo njiani, na kwa kuwa lami, zege na mapaa hayanyonyi maji, yote hukimbilia mtoni kwa mkupuo. Hayo ndiyo mafuriko ya ghafla, na mwaka 2024 tuliyaona: nyumba zilisombwa Mathare, na tarehe 29 Aprili, kabla ya mapambazuko, mkondo wa maji na matope uliwaua makumi ya watu Mai Mahiu, nje ya jiji katika Kaunti ya Nakuru, wengi wao wakiwa usingizini.

Hata hivyo, dereva wa matatu bado huingia barabara iliyofurika kwa kuwa aliyemtangulia amevuka. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo. Yakifika 60, magari mengi husombwa. Tena kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo huongezeka mara nne, jambo ambalo jicho haliwezi kulipima, hasa usiku.

Radi tunaipuuza zaidi, labda kwa kudhani kwamba ni balaa la Kisii na Kakamega. Ukiweza kusikia ngurumo, tayari uko mahali ambapo radi inaweza kukupata, na viatu vya mpira havikukingi. Ondoka uwanjani, usijibanze chini ya mti, ingia katika nyumba imara au gari lililofungwa. Mvua ya mawe nawaachia wakulima wa chai wa Kericho na Nandi, ambao hawahitaji kufundishwa nami.

Kwa hiyo ningependa tahadhari itaje mto, mtaa na saa, isomwe redioni kwa lugha ya mtaani, na ieleze madhara badala ya milimita za mvua pekee. Mwaka huohuo wa 2024 Serikali iliwaamuru walioishi kando ya mito na mabwawa wahame, na amri hiyo ilikuwa na msingi; lakini mpangaji anayeishi kwa vibarua vya kila siku hawezi kuitii kabla hajaonyeshwa ukumbi au shule atakakolala na wanawe usiku huo, na nani atakayevilinda vyombo vyake.