Chuma chenye dawa kianzie kwenye muundi

Mfupa wa muundi, upande wa mbele, umefunikwa na ngozi tu. Gari likimgonga dereva wa bodaboda hapo, mfupa unatoboa na kukutana na mchanga, oili na maji ya mtaroni. Daktari anasafisha, anapitisha fimbo ya chuma ndani ya mfupa kuanzia gotini, na mashindano yanaanza. Seli za mwili zikiwahi kukaa juu ya chuma, mgonjwa ana bahati. Bakteria wakiwahi, wanajijengea utando ambao antibayotiki haziupenyi vizuri, na mara nyingi hakuna namna ila kukitoa chuma chenyewe.

Binamu yangu aliishi na utando huo. Juu ya kifundo cha mguu alikuwa na tundu dogo kama punje ya mtama. Linakauka, watu wanashukuru Mungu, kisha linatoa usaha tena. Alikuwa akikunja kitambaa na kukisokomeza ndani ya soksi ili abiria wasisikie harufu.

Kwa hiyo habari za vyuma vinavyopakwa dawa nazifuatilia kwa hamu. Ulaya wana fimbo ya muundi iliyopakwa gentamisini tangu 2005. Gentamisini ni antibayotiki ya zamani na ya bei nafuu. Kwenye fimbo ile imechanganywa na plastiki inayoyeyuka mwilini, na sehemu kubwa inatoka katika siku mbili za kwanza, wakati bakteria ndiyo kwanza wanatafuta pa kushika. Ujerumani wanapaka madini ya fedha kwenye viungo bandia vya wagonjwa wa saratani ya mifupa. Kanazawa, Japani, wanatumia iodini.

Mipako ya kutuliza uvimbe siiamini kwa kiasi hicho. Uvimbe na joto la siku za mwanzo ndiyo hatua ya kwanza ya mfupa kuunga, na kuuzima mapema kunaweza kuuchelewesha. Wa kuzimwa ni ule usiokwisha, unaokula mfupa kuzunguka chuma mpaka kinalegea. Mpako wa kuziweka sawa hali hizo mbili bado uko maabara, na binamu yangu na wenzake hawawezi kuusubiri.

Ninachokitaka kiko karibu zaidi. Fimbo za shirika la SIGN la Marekani, zinazotumika Tanzania na nchi nyingi zenye hospitali za kipato kidogo, zimeundwa ili daktari aziweke hata bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Fimbo za namna hiyo ndizo zingepakwa gentamisini kwanza, kabla ya nyonga bandia za wenye bima kubwa. Wakati tunasubiri, dawa inaweza kuwekwa moja kwa moja kwenye jeraha. Marekani, utafiti uliochapishwa 2021 ulijaribu unga wa vankomisini, antibayotiki nyingine, kwa waliovunjika muundi karibu na goti au kifundo: maambukizi ya ndani yalikuwa asilimia 6.4 kwa waliowekewa, na 9.8 kwa wasiowekewa. Taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili, Dar es Salaam, nayo imeshafanya jaribio la awali la gentamisini kwenye jeraha. Majaribio ya namna hiyo yaendelee kupewa fedha.

Ila wapanga bajeti wasije wakaona mpako ni kisingizio cha kupunguza maji ya kuoshea jeraha au kuchelewesha sindano ya kwanza ya antibayotiki pale mapokezi. Majeruhi anayelazwa kwenye benchi usiku kucha na mfupa uko nje ameshawapa bakteria nafasi ya kutangulia, hata kama kesho yake atawekewa fimbo bora kuliko zote.