Hiyo 5.3 kwenye boksi si sauti

Ingia duka lolote la simu pale Oginga Odinga Street, Kisumu, uulize vipokea sauti vya masikioni vinavyolia vizuri. Utageuziwa boksi, kidole kwenye stika: "Hii ni Bluetooth 5.3, boss. Ile ingine ni 5.0, sauti yake iko chini." Na bei inapanda hapo hapo.

Sauti gani? Muziki unaosikiliza kila siku kwa kawaida bado unapitia A2DP, njia ya Bluetooth ya kurushia muziki, ya mwaka 2003. Kasi na umbali vilivyokuja na 5.0 ni vya upande ule wa Bluetooth unaotumia umeme kidogo (LE), wa saa za mkononi na vipima mapigo ya moyo. Kwenye Bluetooth, kinachoamua sauti ni kodeki, yaani jinsi simu inavyoubana wimbo kabla ya kuurusha. CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. SBC, kodeki ambayo kila kifaa cha A2DP lazima kiwe nayo, kwa kawaida inakomea 328. Hata robo haifiki. Ikishushwa hadi 229, gitaa la benga bado utalitambua, ila kayamba inageuka mchanga unaomwagwa kwenye bati.

Haya, 5.2 ilifungua mlango wa LE Audio, yaani sauti kupitia upande ule wa umeme kidogo, na kodeki yake ya LC3, ambayo inaishinda SBC kwa kilobiti chache zaidi. Sawa. Lakini simu na vipokea sauti lazima vyote viwe nayo, na stika ya 5.3 haiahidi hilo popote.

Mwenye Android asibishane na muuzaji. Mipangilio, Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara saba. Unganisha vipokea sauti, kisha ingia Chaguo za wasanidi programu utafute kodeki ya sauti ya Bluetooth. Ikiandika SBC, ndiyo hiyo unayosikiliza. Mwenye iPhone asilipie LDAC, kodeki ya Sony ya kilobiti nyingi: simu yake inatoa muziki kwa kodeki za AAC na SBC tu.

LDAC yenyewe ina ngazi tatu za kilobiti: 330, 660 na 990. Ukilazimisha 990 katikati ya stendi, simu ikiwa mfuko wa nyuma, itakatakata: Wi-Fi nayo iko kwenye masafa yale yale ya Bluetooth, 2.4 GHz, na mwili wako umejaa maji yanayomeza mawimbi. Weka 660, hamisha simu mfuko wa mbele.

Tena LDAC ya nini, kama wimbo wenyewe ni MP3 ya kilobiti 96 iliyozungushwa WhatsApp? Simu inaufungua, halafu inaubana mara ya pili. Hayo ni makapi ya miwa ya Muhoroni unayarudisha kinuni ukidai sukari.

Na wale wanaorudisha vipokea sauti dukani kwa sababu sauti "inakuwa ya redio" wakipiga simu: havijaharibika. Maikrofoni ikifunguka, Bluetooth inahamia njia ya simu, sikio moja na lingine zinapata sauti ile ile, kwa kawaida sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Kwenye gemu, chagua maikrofoni ya simu na muziki utarudi.